Shimo Lililotangulia Barua

Kanuni ya nne nimeihifadhi kama Alhamdu:
mfuko utalipa sitini katika kila mia,
mkulima atatoa arubaini, zake, kwanza,
na risiti ziwe na muhuri, si karatasi ya daftari.
Na chini kabisa, kwa herufi za kuchokoza macho:
kazi iliyoanza kabla ya barua ya idhini
haitalipiwa.

Haitalipiwa.
Nimelitamka neno hilo alfajiri, nikimkama Chausiku,
mpaka likawa na mlio wa maziwa ndooni.

Ng'ombe watatu, hapa Jomvu Kuu, uani kwangu:
Chausiku, Kipusa, na mtamba asiye na jina bado.
Kwa siku wanatoa samadi toroli mbili.
Ng'ombe haombi idhini.

Fomu niliipeleka mwezi wa Rajabu.
Bwana Mghanga wa kilimo akaja na tepu yake,
akapima kutoka zizini hadi kisima cha Nyevu:
zatakiwa mita thelathini, zikatoka ishirini na sita.
"Basi shimo liende upande wa mikoko," akasema,
kisha akafunua ukurasa, akajikuna kidevu.
Upande wa mikoko, kanuni ya saba
yataka mita hamsini kutoka ukingo wa hori.
Tukazunguka ua, mimi na yeye na tepu,
tukitafuta mahali sheria mbili zimeachiana nafasi.
Tukapaona.
Ni hapo penye jiko langu.

"Jiko litahama," nikamwambia.
Akaandika: jiko litahama.
Fomu haina safu ya gharama ya jiko.

Rajabu ikaisha, na Shaabani.
Tukafunga, tukafungua, tukala sita za Shawali,
barua kimya.
Nikipiga simu naambiwa iko mezani.
Ni meza gani hii isiyo na miguu ya kutembea?

Kisha mvua. Usiku mmoja tu, lakini usiku ule
rundo langu lote liliteremka, polepole, kwa adabu,
kama mgeni anayeijua njia.
Asubuhi Nyevu aliweka ndoo mlangoni pangu.
Maji rangi ya chai ya maziwa.
Hakusema neno.
Afadhali angenitukana.

Ilikuwa Jumatatu. Kabla ya adhuhuri jiko lilikuwa chini,
mabati kando, mafiga matatu juani,
na Tsuma anapiga sururu penye jivu la miaka kumi na minne.
Chini ya jivu udongo mgumu kama mkate wa juzi.
Mtamba nilimuuza kwa saruji na nondo.
Aliondoka bila jina. Nashukuru sikumpa.

Barua ilifika siku ya tisa.
*Ombi lako limekubaliwa.* Saini ya Jumanne.
Jumanne! Siku moja baada ya sururu ya kwanza.
Nikacheka peke yangu, kwa sauti,
Kipusa akaacha kutafuna akanitazama.

Mwenye duka la vifaa, kule Miritini,
alinihurumia kweli, sitamsema vibaya.
"Tarehe ni wino tu, mama. Nikuandikie Jumatano?"
Na muhuri wake ulikuwa mkononi, mbichi.

Sitini katika kila mia.
Ni mtamba mwingine, na jiko, na chenji ya shule.
Nilikaa na kalamu mpaka taa ikaanza kunuka utambi.
Kazi ilianza lini? fomu inauliza,
na imeacha nukta nyingi, ndefu,
kuliko siku yoyote ya wiki.

Nimeandika Jumatatu.
Nimeongeza pembeni, pasipoulizwa:
*kwa sababu ya ndoo.*
Bwana Mghanga ataisoma, ataguna,
hatajua aipeleke meza ipi.

Leo shimo limejaa robo.
Napikia chini ya turubai, moshi wanila macho.
Nyevu amekuja kisimani kuteka,
ameiinua ndoo yake kwenye mwanga,
ameitazama, ameitazama tena,
kisha akajitwika.