Watasema

Jina nilimpa kwa ajili ya jirani
mwaka ule tuliogombea mpaka wa migomba:
nikimwita mbwa, asikie Ambilikile.

Miaka kumi na minne. Macho yameingia ukungu
kama Rungwe mwezi wa sita.
Bwana mifugo alipanda kutoka Tukuyu,
akampapasa tumbo, akafunga mkoba:
"Mpe joto. Mpe anachotaka."

Anachotaka ni mtindi kiganjani
na sweta langu la kanisani.
Usiku namgeuza ubavu, kama nilivyomgeuza mama.
Mkia unagonga sakafu, mara moja.
Nangoja.
Mara moja tena.

Alfajiri mvua ilikuwa ileile.
Mkia, kimya.

Wakasema, kweli: "Mtu mzima analilia mbwa!"
Ambilikile alikuja na jembe, hodi hakupiga,
akachimba palepale mpakani,
nusu ya shimo kwake, nusu kwangu.
"Wezi walimwogopa hata huku," akasema,
akajifuta matope usoni, au si matope.

Jioni nikasahau. Nikasimama mlangoni na bakuli:
Watasema! Watasema!

Ng'ambo ya migomba mtu akakohoa.
"Hayupo, Atuganile. Ingia ndani, baridi."