Upande wa Pili

Upande wa pili una wimbo mmoja tu,
dakika kumi na nane.
Baba mdogo Ambakisye aliipata santuri
kwa mwalimu Mmarekani aliyeondoka Tukuyu na sanduku moja,
akaacha jiko, paka, na hii.

Mvua ya Tukuyu haina haraka,
nasi hatukuwa nayo.
Gitaa lilianza mbali, kama mtu
anayeita jina toka ng'ambo ya Kiwira,
ngoma ikalifuata, kinanda kikapanda juu yake,
kisha asiimbe mtu, asiimbe kabisa,
chai ikapoa vikombeni.

Dakika ya kumi na mbili sindano ilikwama:
tak, tak, tak.
Baba mdogo hakuisukuma.
“Wamefika Daraja la Mungu,” alisema,
“hawajui kama litawabeba.”
Akainua mkono wa gramafoni kwa kidole kimoja,
akatoka kwenda kufunga ndama.

Miaka thelathini sikuujua mwisho.

Juzi, Uyole, nikingoja lori la viazi,
kijana wa duka la simu, Gwakisa, akanitafutia:
mzima, safi, hauna kovu.
Nikavaa hedifoni zake.
Dakika ya kumi na mbili
wakavuka bila hata kutazama chini.
Mwisho wenyewe, nisikudanganye,
ni wa kawaida:
wanachoka, mmoja mmoja wanaacha,
anabaki wa ngoma, naye anakumbuka kwao.

Nikamrudishia vitu vyake.
“Umeisha, mzee?”
“Bado,” nikamwambia.
“Wapo darajani.”