Maji ya Vuguvugu

Tukuyu haijaacha kunyesha tangu Jumapili.
Nachanganya maji ya chupa ya chai na ya bomba,
nayajaribu kwa kifundo cha mkono
kama mwenye kichanga.
Baridi ikigusa ufizi, mama hung'ata.

Ugonile, mama.
Ananitazama
kama alivyokuwa akimtazama karani wa mizani
aliyemkata kilo mbili, ati majani yana umande.

Meno yamebaki tisa. Nayajua moja moja.
La nyuma kushoto ndilo lililotudanganya:
wiki tatu alipiga ukuta usiku kucha,
akatema ndizi, akamtukana Tupokigwe,
nasi tukasema, ni ule ugonjwa, unapanda.
Dada akaja na mchungaji.
Hakuna aliyesema, hebu tumulike tochi.
Usaha ulikuwa palepale,
na neno "linauma" lilikuwa limeshamng'oka
kabla ya jino.

Yale ya bandia, tuliyomchongeshea Mbeya mjini,
aliyafukia kwenye migomba
akayamwagilia.
Jino la pembe si dawa ya pengo, walisema wahenga.
Juu ya kulipanda hawakusema kitu.

Leo amefumba.
Nimebembeleza. Nimekaa upande wa dirisha
asiogope kivuli changu.
Nimepaka dawa kidogo tu, kama punje ya njegere.
Hataki.
Basi najisugua mwenyewe, mbele yake, polepole,
povu linanishuka kidevuni,
mtu mzima wa miaka hamsini na mbili,
fundi cherehani, nina wateja wananingoja.

Ananinyang'anya mswaki.
Nadhani atautupa uani.
Ananishika taya kwa vidole
vilivyochuma chai miaka thelathini na mmoja,
vyepesi bado, vinajua kuacha jani lililokomaa.
"Achama, Lusajo."

Lusajo ni mdogo wake. Alikufa kwa surua
kabla mimi sijazaliwa.
Naachama.

Ananisugua hadi magego, haruki hata moja,
anafika hata nisikofika mimi.
"Tema."
Natema.
Anachukua kikombe, anachovya kidole,
anakunja uso.
"Yamepoa haya. Kaongeze ya moto."

Nakimbilia chupa ya chai, mbio,
kabla hajasahau
kwamba amenituma.