Ada Moja, Wanafunzi Wawili

Zinaida Pavlovna ana miaka sitini na saba
na magoti mawili yasiyoelewana.
Ghorofa ya tano, mjini Narva, lifti hakuna;
kwa hiyo mtoto wa mbwa hushuka amebebwa
kama mkate wa moto, ndani ya koti,
na kojo la kwanza la asubuhi
koti hulipata kabla ya theluji.

Jina lake Grechka, kwa rangi ya nafaka ile
ya uji wa kahawia. Miezi mitatu.
Masikio hayajaamua: moja limesimama,
moja bado linafikiri.

Samaki mkunje angali mbichi, husemwa.
Na aliyekwisha kukauka,
akatungwa uzini, akaning'inizwa jikoni?
Zinaida ana mtihani mwezi wa tano.
Miaka arobaini na minne katika nchi hii
alifuma vitambaa kwa Kirusi,
alizaa kwa Kirusi, alizika kwa Kirusi,
na pasipoti yake ni ya kijivu,
rangi ya mtu ambaye nchi zimesahau kumgombea.
Kiestonia chake: mkate, asante, bei gani.

Basi alipoliona tangazo mlangoni pa duka la nyama
(mafunzo ya mbwa, kila Jumanne,
uwanja wa nyuma ya shule, kwa Kiestonia tu)
alipiga hesabu kama fundi wa zamani:
ada moja, wanafunzi wawili.

Istu, asema mwalimu Maarika. Keti.
Kipande cha ini kavu kinapanda juu ya pua,
kichwa kinakifuata, na matako,
bila kushauriwa, yanagusa theluji.
Tubli! Hodari!
Na Zinaida, ambaye hajaitwa hodari
tangu kiwanda kifungwe,
anageuka kutazama ni nani anayesifiwa.

"Neno moja, mara moja," Maarika anamwonya.
"Ukisema istu, istu, istu, istu,
umemfunza kuketi kwenye istu ya nne."

Ngazini wanafanya marudio.
Lama, lala chini. Siia, njoo hapa.
Ei tohi, mwiko, hasa viatu vya jirani Arkadi
ambaye tayari amepoteza kisigino.

Oota ndilo gumu. Subiri.
Hatua mbili nyuma, kiganja wazi.
Grechka anatetemeka kutoka mkiani hadi puani,
sufuria inayokaribia kuchemka,
anavumilia pumzi tatu, nne,
halafu anafurika.
"Si kosa lake," asema Maarika.
"Wewe umekwenda mbali mno, upesi mno."
Zinaida anatazama ng'ambo ya mto,
bendera nyingine, moshi uleule,
mahali fulani humo dada yake Klavdia
akimenya viazi. Hajibu.

Mwezi wa tano. Chumba chenye saa ya ukutani.
Mtahini ni kijana wa tai ya buluu,
amesimama, karatasi zinamponyoka, anababaika.
"Istu," Zinaida akamwambia,
kwa sauti ya chini, mara moja tu.
Kijana akaketi.
Mkono wa Zinaida ulikwisha kuingia mfukoni
kutafuta ini.

Alipungukiwa na alama saba.
Barua ilisema ajaribu tena mwezi wa kumi na moja.
Oota, alimsomea Grechka,
ambaye sasa anafika pumzi ishirini
na masikio yote mawili yamekata shauri.

Usiku mbwa analia mlangoni
kwa sababu zake za kimbwa.
Koht, anamwambia. Ni neno la somo la mwisho.
Mahali. Mahali pako.
Grechka anazunguka mara mbili, anajitupa
kwenye blanketi chini ya bomba la joto, anapumua.

Zinaida amebaki katikati ya jiko,
bilauri ya chai mkononi, taa inawaka.
Koht, anasema tena,
mara ya pili, kinyume cha mafunzo,
na mbwa anainua kichwa,
hajui anaambiwa nani.