Tanbihi

Mwaka ule ulituma maneno mia mbili kwa teleksi
kutoka posta ya Moshi, mbio mbio:
bei ya kahawa imeanguka. Mama yangu
akawa "mwanamke mmoja wa Kibosho".

Leo una mvi, una vitabu, wanakuita profesa.
Miaka saba umepanda na kushuka vihamba vyetu
ukiuliza kila mfongo ulichimbwa na ukoo gani,
Kichaga chako kikichechemea.

Nimefungua ukurasa wa mia nne na kumi.
Chini kabisa, herufi ndogo kama sisimizi:
Apolinaria Mallya, aling'oa mibuni yake kwa mikono,
akapanda mahindi.

Jina umelipatia, Henrik.
Nimelisoma kwa sauti, peke yangu.

Ila yalikuwa maharage.