Finjani

Muuguzi Jisha ana karatasi yenye mistari
na kalamu iliyofungwa uzi isiibiwe.
Maumivu, sifuri mpaka kumi?
Uchovu? Usingizi? Huzuni?
Kila mmoja na chumba chake,
kama wageni wa hoteli.

Nilimjibu kwa Kiarabu: nne, saba, tatu, mbili.
Kiarabu changu ni cha benki na cha daktari.
Kwa Kiswahili, lugha niliyoililia ziwa,
ningemwambia: mwanangu, hawa hawalali mbalimbali.

Wanakuja pamoja, kama wakwe.
Kwanza mkono, upande ule uliokatwa,
unavimba hata bangili ya mama
nimeitoa kwa sabuni.
Mkono ukianza kuuma, Usingizi anainuka kumpisha,
na akitoka hafungi mlango.
Hapo ndipo Hofu anapoingia, hajavua viatu,
anakaa kitandani, upande wa Nasor,
ananiuliza taratibu, kama mtu wa heri:
Raiya, siku yake, nani atampaka hina?
Kukicha, Uchovu anawapikia wote.
Na mimi mwenye nyumba
sijui nani alimkaribisha nani.

Saa tisa za usiku, Al-Khoud, mwezi wa Agosti.
Kiyoyozi kinakoroma. Nasor hakoromi,
ndivyo ninavyojua kuwa yuko macho.

Ulimi wangu una ladha ya baisa kuukuu.
Ubani, niliokuwa nikifukizia hata mito,
sasa unanitapisha.
Nasor ameacha kuuwasha; hakusema neno.
Chetezo nilikikuta juu ya kabati,
nyuma ya mablanketi, kimefungwa kwenye kanzu yake.
Nikalia.
Kulia kukaamsha kovu, kovu likaamsha bega.
Hiyo ni namba ngapi, Jisha?

Ijumaa alikuja wifi yangu Ghaniya
na haluwa, na birika la kahawa,
na habari za watu waliopona.
Hapa mgeni akitosheka hasemi:
anatikisa finjani, mmiminaji anaacha.
Mimi tangu dozi ya nne
ganzi imenila ncha za vidole.
Finjani ikatikisika yenyewe.
Ghaniya akaweka birika chini,
akaendelea na habari zake.

Nikakaa na kiu mbele ya birika lililojaa.
Ningeomba, lakini kuomba
kungetaka nieleze vidole,
na vidole vingetaka nieleze usiku,
na usiku una watu wengi.

Raiya, miaka kumi na moja, mdomo una ufuta wa haluwa,
hakuitazama finjani. Alitazama mkono.
"Mmiminie, shangazi," akasema,
"huyo anayetikisa si mama."

Kahawa ilikuwa imeshapoa.
Ilikuwa na ladha ya baisa.
Nilikunywa tatu.