Tundu za Misumari

Asubuhi napiga nyuso.
Pazia la buluu, kidevu juu kidogo,
masikio yote mawili yaonekane,
usicheke, hii ni ya paspoti.
Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
mlango wa tatu kutoka kwa fundi baiskeli.

Saa nane nafunga.
Nakanyaga pedali hadi nyuma ya reli,
kwenye ghala la mkonge lisilo na mkonge,
harufu tu imebaki, na singa mojamoja kwenye nyufa.
Shembilu analinda hapo. Analinda nini, hajui.
Siku ya kwanza alidhani mimi mwanga.
Nikamwambia hapana,
nautafuta.

Bati la juu limeng'oka misumari.
Tundu hazifanani:
hii imechanika kama sikio la mbuzi,
ile ina pembe, nyingine nyembamba kama mdomo wa bahili.
Lakini jua likishapenya, likatua sakafuni,
ni duara.
Kila tundu, duara.
Nilipiga magoti miezi miwili ndipo nikaelewa
kwamba kinachoanguka si umbo la tundu.
Ni jua lenyewe, dogo, limelala kwenye vumbi.

Sisogezi kitu. Nasogea mimi.
Nautoa mlango, nautoa ukuta,
natoa nguzo, natoa kiatu cha Shembilu
ambacho hakikosi kuingia pembeni.
Nabana mwanga mpaka weusi uwe mzito kama lami.
Kitu kikibaki na jina, sijamaliza.
Uvuli ni wa kukaa;
kivuli hakimkalishi mtu.

Fundi Mhando aliitazama picha,
akaigeuza kwa mikono ya grisi.
"Mayai," akasema.
"Nani kayamwaga?"

Shembilu aliomba moja, akampelekea mama yake.
Bi Namkunda alifunga marobota humo miaka kumi na tisa.
Aliniita kwake, Chumbageni.
Picha ilikuwa mapajani, juu chini,
nikanyoosha mkono niigeuze, akanizuia.
"Mimi nilisimama upande huu."

Akaweka kidole kwenye vidoa vinne vyeusi
nilivyovipenda kwa weusi wao tu.
"Miguu ya mizani. Waliing'oa, wakauza chuma.
Na hizi jua tatu nazijua,
hizo nyingine ni wageni.
Hatukuwa na saa. Msimamizi ndiye aliyekuwa nayo,
na saa yake ilikuwa haitaki kufika.
Sisi tulitazama hili hapa:
likigusa mguu wa mizani, saa kumi.
Tunakung'uta kanga, aseme asemavyo."

Alipima kwa ukucha
nafasi kati ya duara na kidoa.
"Ulipiga saa tisa na nusu.
Imezidi kidogo."

Nilitazama kwenye kamera usiku ule.
Saa tisa na dakika thelathini na nne.

Nilikuwa nimetoa kila kitu.
Nilidhani nimetoa kila kitu.

Fundi Mhando ameitundika ya kwake juu ya pampu.
Bado anasema mayai.